Mercedes 300D W123, bwati 722.3 inavuja: joanti mpya ya karteri haikusaidia, nibadilishe spi ya mbele?

Kamalondo_300D:

Jambo wandugu. Niko Lubumbashi. Gari ni Mercedes 300D W123 ya mwaka 1983, moteri ni ile dizeli ya silinda tano, bwati (giaboksi) ni otomatiki ya vitesi vinne. Namba iliyogongwa ubavuni inaanza na 722.3.

Inadondosha mafuta mekundu katikati ya gari, kuanzia pale moteri inapoungana na bwati na kurudi nyuma. Ikitembea kila siku ni matone machache tu. Ikilala siku mbili tatu bila kuwashwa, asubuhi nakuta kidimbwi cha upana wa sahani. Joanti ya karteri (bakuli la mafuta chini ya bwati) na filtre vimebadilishwa, buloni zikakazwa kwa nguvu zote, lakini hakuna kilichobadilika. Vitesi vinaingia vizuri, haitelezi.

Kiwango napima asubuhi, moteri ikinguruma lakini ikiwa bado baridi. Kila nikipima kiko chini ya alama, naongeza mpaka alama ya juu.

Fundi anasema ni spi ya mbele (mpira unaoziba mafuta mbele ya bwati, pale konvetisa inapoingia), kwa hiyo bwati ishuke. Kuna namna ya kuthibitisha mafuta yanatokea wapi bwati ikiwa bado juu? Sitaki kulipia kazi ya kushusha halafu tone liendelee.

Papa_Kadani:

Ndugu Kamalondo, usikubali bwati ishuke kwa sasa. Kushusha 722.3 ni kazi nzito: kadani (shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma), mirija ya kupoza, waya, boriti ya nyuma, konvetisa (inayopeleka nguvu ya moteri kwenye bwati kwa mafuta), vyote vinafunguliwa. Na wakati wa kurudisha, konvetisa isipoingia mpaka mwisho kwenye pampu, fundi anapokaza buloni za kloshi (nyumba ya konvetisa, kati ya moteri na bwati) anaivunja pampu. Kazi hiyo inafanywa pale tu ambapo ushahidi upo.

Nianze na kiwango, maana hapo kuna tatizo hata kabla hatujaongelea spi. Alama mbili za kijiti cha bwati hiyo zimewekwa kwa mafuta yenye nyuzijoto 80. ATF, yaani mafuta ya bwati otomatiki, yanapanuka sana yakipata moto. Ukijaza hadi alama ya juu wakati bwati ni baridi, baada ya safari kiwango kinakuwa kimepita alama kwa mbali. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna lita 0.3 tu, chini ya chupa ndogo ya maji, kwa hiyo nusu lita ya kuzidisha si jambo dogo. Ikizidi hivyo, vipande vinavyozunguka ndani vinaanza kuyapiga mafuta, yanatoa povu, povu linapanda na kutokea kwenye tundu la kupumua lililo juu ya bwati. Kutoka hapo yanateremka ubavuni, yanafuata ukingo wa karteri, yanadondokea kwenye buloni iliyo chini kuliko zote. Mtu aliye chini ya gari anaona karteri imelowa, analaumu joanti.

Kipime hivi. Tembeza gari kilomita 20 au zaidi, shika barabara ya Likasi ukageuze. Kuzunguka mtaani dakika kumi asubuhi ya mwezi wa saba hakutoshi. Simama mahali tambarare. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha levya polepole kwenye kila nafasi, kisha irudishe P. Moteri iendelee kunguruma polepole. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena usome. Kitambaa kisiwe cha kutoa nyuzi, maana uzi mmoja ukiingia kwenye valvu za ndani unaweza kuzikwamisha. Kama kiwango kimezidi, yavute kwa sindano kubwa yenye mpira mwembamba kupitia bomba la kijiti, moteri ikiwa imezimwa, kisha washa upime tena. Usiache kwa kusema yatapungua yenyewe kwa kuvuja.

Baada ya hapo hakikisha ni mafuta ya bwati kweli. Usukani wa W123 una sanduku na pampu yake upande wa mbele, na wengi wanaweka ATF humo humo. Mpira wa usukani ukivuja, mafuta mekundu yanatambaa kwenye chasi na upepo wa safari unayasukuma nyuma mpaka kwenye kloshi. Angalia kopo la pampu ya usukani: kama kiwango chake kinashuka, umeshapata sehemu ya jibu. Mafuta ya moteri ya dizeli hayakuchanganyi, hayo ni meusi.

Halafu ndipo uoshe. Bwati yote, kloshi, mirija yote hadi radiateri, sehemu ya juu pia na si karteri peke yake. Mazutu na brashi vinatosha, ukimaliza pitisha maji ya sabuni na uache pakauke kabisa. Usielekeze maji ya presha kwenye tundu la kupumua wala kwenye viungo vya umeme. Ikishakauka, pulizia poda ya watoto, nyembamba, kila mahali. Mafuta yakipita kwenye poda yanaacha njia nyeusi, na njia hiyo unaifuata kupanda juu na kwenda mbele mpaka inapoanzia. Alama ya juu kabisa na ya mbele kabisa ndiyo chanzo. Vyote vilivyo chini yake na nyuma yake vimelowa kwa sababu yake.

Fanya majaribio mawili na usiyachanganye. La kwanza, gari ilale saa 48 bila kuwashwa, tandika katoni chini, piga picha. Osha, weka poda upya. La pili, gari iwe na moto, inguruma dakika 15 kwenye P, uangalie kutoka chini. Kwa hilo la pili gari isimame juu ya shandeli nne (vigingi vya chuma vya kushikilia gari) au juu ya shimo la garaji, magurudumu yamezuiwa. Usilale chini ya gari inayoshikwa na kri (jeki) peke yake.

Mwana_Bukavu_dizeli:

Papa Kadani amesema vizuri. Mimi naongeza kwa nini hicho kidimbwi cha siku mbili tatu kinanifanya niwe na shaka na spi ya mbele.

Moteri ikizimwa, konvetisa inabaki imejaa mafuta. Kwenye bwati iliyozeeka mafuta hayo yanapita taratibu kwenye uwazi wa bushi ya pampu na kurudi karteri. Baada ya siku mbili kiwango ndani ya bwati kimepanda juu sana kuliko pale moteri inaponguruma. Hilo peke yake si ugonjwa, ukiwasha yanapanda tena. Lakini wakati gari imelala, mafuta yanafunika sehemu ambazo kwa kawaida ziko juu ya kiwango: spi ya shafti ya levya, oringi ya solenoidi ya kikidauni, oringi pale bomba la kijiti linapoingia. Oringi iliyokauka ikawa ngumu haivuji gari ikitembea, inavuja gari ikilala. Wewe umezidisha kiwango kwa kupima baridi, ndiyo maana kidimbwi ni kikubwa.

Uthibitisho ni rahisi. Asubuhi baada ya siku mbili, kabla ya kuwasha, chomoa kijiti utazame. Utakuta mafuta yamepanda mbali juu ya alama. Kipimo hicho hakisemi kama mafuta yanatosha, kinasema tu kwamba konvetisa imejimwaga.

Sasa spi ya mbele. Siyo kwamba haiwezi kuwa, ila ina alama zake. Mafuta yake hayana pa kutokea isipokuwa ndani ya kloshi. Chini ya kloshi kuna uwazi ambao kupitia humo buloni ya kumwaga konvetisa inafikiwa. Ingiza taa na kioo kidogo. Kama ndani ya kloshi ni pakavu na poda bado nyeupe, hoja ya spi ya mbele imekwisha, fundi aseme asemavyo. Kama pamelowa, tazama wapi hasa. Mafuta mekundu yanayotambaa kwenye uso wa mbele wa pampu kutoka katikati: spi ya konvetisa, au oringi kubwa inayozunguka pampu. Mafuta meusi upande wa moteri: spi ya nyuma ya kranki, hiyo ni kazi ya moteri na bwati haina kosa. Mafuta mekundu yaliyorushwa kwa mduara kwenye ukuta wa kloshi huku katikati ni pakavu: buloni ya kumwaga konvetisa.

Hiyo ya mwisho inasahaulika sana. Waliobadilisha filtre yako, walimwaga konvetisa pia? Buloni yake inafunguliwa kwa kle Allen ya mm 5, inakazwa 14 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na rondela yake inatakiwa mpya kila mara. Wakirudisha rondela ya zamani iliyokwisha kubanwa, inavuja, na tena inavuja inapozunguka, hivyo ndani ya kloshi panalowa pote na kila mtu anasema spi. Kuifikia, zungusha moteri kwa soketi ya 27 kwenye buloni ya kranki mbele, upande wa mshale wa saa, mpaka buloni itokee kwenye uwazi.

Kle13:

Kitu cha haraka: mtu atakushauri umimine dawa ya kuziba uvujaji. Usifanye. Zile dawa zinalainisha na kuvimbisha mpira, wiki chache tone linapungua, halafu mpira unakuwa laini kupita kiasi na spi zote zinaanza kuvuja kwa pamoja, hata zile zilizokuwa nzima. Mafuta ya breki kwenye bwati ni mabaya zaidi, yanaharibu mpira na bitana za diski za ndani.

Na ATF yenyewe: bwati hiyo ilitengenezwa kwa Dexron II. Siku hizi unaweka Dexron III, inafanya kazi. Usiweke mafuta ya bwati za CVT eti kwa sababu nayo ni mekundu au ya kijani. Unaponunua ya kupimwa kutoka kwenye pipa, dai kuona pipa lenyewe.

Papa_Kadani:

Kle13 yuko sahihi. Na narudi kwenye yale maneno «buloni zikakazwa kwa nguvu zote», kwa sababu joanti mpya kuvuja mara nyingi kunatokana na hapo.

Karteri ya 722.3 inashikwa na buloni sita, kila moja inakazwa 8 Nm. Hizo ni nguvu za mkono ulioshika kle fupi karibu na kichwa. Fundi aliyezoea buloni za magurudumu akitumia kle ndefu anafika 20 Nm bila kuhisi. Joanti inabanwa mpaka inatoka pembeni, na bati la karteri linazama kila penye tundu la buloni, huku katikati ya buloni mbili linainuka. Kuanzia siku hiyo hakuna joanti itakayokaa, hata ukinunua ya bei gani.

Karteri ikishuka, ilaze kifudifudi kwenye kioo nene au meza ya chuma iliyonyooka, piga taa kutoka upande wa pili. Penye mwanga unaopita pamepinda. Weka ukingo juu ya kipande cha chuma bapa, gonga polepole kwa nyundo ndogo kutoka upande wa joanti mpaka vilima vya matundu virudi usawa. Safisha uso wa bwati kwa kitambaa na petroli, usiukwaruze kwa bisibisi, ni aluminiamu. Joanti inawekwa kavu. Silikoni usiweke: ile inayotoka ndani inakatika, inaogelea, na njia za mafuta kwenye bloku ya valvu ni nyembamba mno kwa vipande hivyo. Kaza kwa msalaba, mzunguko wa kwanza 4 Nm, wa pili 8 Nm, basi. Buloni ya kumwaga ya karteri nayo ni 14 Nm na rondela mpya.

Kama huna kle dinamometriki (inayopima nguvu ya kukaza) ya namba ndogo, azima. Zile za magurudumu zinazoanzia 40 Nm hazisaidii hapa.

Kamalondo_300D:

Aksanti sana wakubwa. Nimefanya kama mlivyosema, majibu ni haya.

Kiwango cha moto, baada ya kwenda na kurudi barabara ya Likasi, kilikuwa juu ya alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Nimevuta, sasa kiko kati ya alama mbili. Kopo la usukani halishuki.

Jaribio la kulala: ndani ya kloshi pakavu kabisa, poda nyeupe. Njia nyeusi inaanzia ubavuni mwa bwati, kwenye kile kipande kilichofungwa kwa kuzungushwa chenye waya wa umeme, inashuka kwenye ukingo wa karteri. Ukingo wenyewe umelowa kuanzia hapo kurudi nyuma, mbele pakavu. Kabla ya kuwasha kijiti kilionyesha mafuta yamepanda sana, kama alivyosema ndugu wa Bukavu.

Jaribio la moto: hapo pakavu, ila mrija mmoja wa kupoza, kipande cha mpira karibu na radiateri, unatoa jasho pale mpira unapoungana na chuma. Hautoni, unalowa tu.

Maswali: kile kipande ni nini na kinafunguliwaje? Oringi naweza kuchukua yoyote inayolingana? Na ule mpira nikate niweke mpira wa kawaida na kola mbili?

Mwana_Bukavu_dizeli:

Kile ni solenoidi ya kikidauni. Ukikanyaga gazi mpaka mwisho, swichi ya chini ya pedali inaipa umeme nayo inaiambia bwati ishuke kitesi. Ndiyo njia nyepesi kuliko zote ulizoweza kupata, bwati inabaki juu.

Osha eneo lile kwanza mpaka liwe safi kabisa, kwa brashi na petroli. Vumbi letu jekundu likidondokea kwenye tundu linaingia moja kwa moja kwenye njia za valvu. Fungua muda si mrefu baada ya kuwasha na kuzima gari, si baada ya kulala siku mbili, kwa sababu konvetisa ikiwa imejimwaga mafuta yatakumwagikia mkononi. Weka beseni hata hivyo. Toa waya, fungua kwa kle inayokaa vizuri kwenye kichwa chake, usitumie koleo. Ukiitoa, itazame: oringi ya zamani utaikuta bapa, ngumu, pengine inakatika ukiikunja. Pima solenoidi kwa betri pia, volti 12 kwenye ncha ya waya na hasi kwenye mwili wake. Inatakiwa kugonga, tak. Isipogonga, badilisha yote kwa pamoja.

Kuhusu oringi, hapana, si yoyote. Zile za mabomba ya maji zinazouzwa kwenye kwenkayeri nyingi ni za mpira wa EPDM. Kwenye maji na breki ni nzuri, kwenye mafuta ya madini zinavimba na kuoza. Unataka NBR, ambayo inavumilia nyuzijoto kama 100 bila shida, au bora zaidi FKM, ile inayoitwa Viton, ambayo inavumilia hadi 200. Muuzaji asipojua ni ya aina gani, achana nayo. Usipime unene wa oringi ya zamani, imebanwa miaka mingi na imepoteza umbo. Pima mfereji inamokaa kwa kalipa: unene wa oringi uwe unazidi kina cha mfereji kiasi kwamba ikifungwa inabanwa kama asilimia 20. Mfereji wenye kina cha mm 1.6 unachukua oringi ya mm 2. Ikiwa nene mno itakatwa na kingo wakati unazungusha.

Ilowanishe kwa ATF kabla ya kuiingiza, anza kuzungusha kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza kiasi. Inayoziba ni oringi, si nguvu yako. Mwili wa bwati ni aluminiamu na uzi wake ukiharibika utalia.

Papa_Kadani:

Ule mpira wa mrija usiuache kwa sababu tu unatoa jasho. Presha kwenye mirija ya kupoza si kubwa, lakini ukichomoka barabarani, pampu inamwaga mafuta yote ya bwati kwa muda mfupi sana, na gari ikiendelea kuendeshwa ikiwa tupu diski za ndani zinaungua. Kati ya mivujo yako miwili, huu mdogo ndio wa hatari.

Mpira wa asili umebanwa kiwandani kwenye vichwa vya chuma. Chaguo zuri ni kupeleka mrija mzima kwa watu wanaotengeneza mipira ya hidroliki ya mashine za mgodi. Lubumbashi na Likasi hawakosekani, na wanabana mpira mpya kwenye chuma chako cha zamani. Waambie ni wa ATF ya moto ili wachague mpira unaofaa. Kama unaamua kukata na kuweka kola, mpira uwe wa mafuta ya hidroliki au ATF, ulioandikwa hivyo ubavuni. Wa mazutu au wa maji ya radiateri hapana, ndani yake unalainika na kuachia vipande vinavyoziba njia. Chuma kisiachwe laini mwishoni, kiwe na ukingo ulioinuka ili mpira usiteleze. Mpira upite chuma kwa mm 25 au zaidi, na kola iwe nyuma ya ukingo.

Zile buloni za banjo kwenye ncha nyingine ya mirija, ukizifungua weka rondela mpya pande zote mbili. Ukikosa mpya na ulizonazo ni za shaba, zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zisugue kwa karatasi ya msasa laini juu ya kioo. Shaba iliyobanwa inakuwa ngumu, moto unairudishia ulaini. Za aluminiamu usijaribu hivyo, zitayeyuka.

Ukiwa hapo mbele, fungua kifuniko cha maji wakati moteri ni baridi. Kipoza mafuta cha gari hiyo kimo ndani ya radiateri. Ukiona utando wa rangi ya waridi kama maziwa kwenye maji, kipoza kimetoboka ndani, na hapo radiateri inabadilishwa kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu maji yakiingia kwenye bwati yanang'oa bitana za diski.

Na usisahau tundu la kupumua juu ya bwati. Msimu wa mvua matope yanalipanda na kukauka. Likiziba, joto linapandisha presha ndani na oringi mpya inasukumwa kama ya zamani.

Kle13:

Kwa wengine watakaosoma hapa: kama kiwango kinashuka na chini hakuna tone hata moja, acha kutafuta oringi. Chomoa bomba jembamba la hewa kwenye kile kikopo cha duara kilichofungwa kwenye bwati, modyuleta. Ndani ya bomba panatakiwa kuwa pakavu. Likitoa mafuta mekundu, utando wa modyuleta umepasuka na moteri inayanywa mafuta ya bwati kupitia bomba hilo. Gari ya petroli itatoa moshi wa bluu. Kwenye dizeli yanavutwa na pampu ya vakyumu na kuishia kwenye mafuta ya moteri. Dalili nyingine ni vitesi kuingia kwa kishindo au kuchelewa. Inabadilishwa kutoka nje.

Na kama mafuta yanatoka tu gari ikitembea, yakipaka sakafu juu ya kadani na flekta (diski ya mpira inayounganisha kadani) kwa mviringo, hiyo ni spi ya nyuma. Hapo shika kadani uitikise kabla ya kununua spi: ikicheza juu na chini, beringi imekwisha na spi mpya haitamaliza mwezi. Flekta iliyolowa mafuta nayo inaoza, ichunguze kama ina nyufa.

Kamalondo_300D:

Nimeelewa. Tundu la kupumua lilikuwa na tope gumu, limesafishwa. Maji ya radiateri ni masafi. Oringi ya Viton imepatikana kwa wauza vifaa vya hidroliki, mfereji nimeupima mm 1.9, nimechukua ya 2.4. Ya zamani ilikatika nilipoikunja. Mrija unabanwa mpira mpya kesho. Swali moja tu: karteri niishushe sasa niinyooshe, au nisubiri? Na nikiishusha niandae lita ngapi?

Papa_Kadani:

Subiri. Osha ukingo, weka poda, rudia jaribio la saa 48 na oringi mpya na kiwango sahihi. Ukingo ukibaki mkavu, karteri iache ilivyo mpaka wakati wa kubadilisha mafuta. Buloni usiziguse «kuongezea kidogo», zimeshakazwa kupita kiasi.

Ukingo ukilowa tena huku ubavuni juu yake pakiwa pakavu, hapo ishushe. Ukimwaga karteri na konvetisa pamoja utahitaji kama lita 6.2, nunua 7 zikae. Mimina lita 4 moteri ikiwa imezimwa, washa kwenye P, ongeza nyingine mbili taratibu huku moteri inanguruma, pitisha levya kwenye nafasi zote, kisha simamisha kiwango kikiwa chini ya alama ya chini. Kile kidogo kinachobaki unakiongeza baada ya safari, mafuta yakiwa na nyuzijoto 80. Kama una kipimajoto cha mwanga, elekeza kwenye karteri usome hapo. Kopo la mwisho mimina kwa sindano ya famasi ya ml 50, usimimine kwa chupa, ndiyo njia ya kutoivuka alama.

Na katoni ya chini endelea kuitandika. Matone 20 ni kama mililita moja. Ukihesabu madoa ya usiku mmoja utajua kama unapoteza kijiko au unapoteza robo lita kwa mwezi, na utajua lini urudi kupima.